Kicheko cha Nyuma ya Pazia

Wageni wanaotembelea mji huu hupelekwa makumbusho asubuhi, mtaa wa wachongaji mchana, na alasiri, kabla ya kupanda basi lao, huingizwa jumba la maigizo. Pazia la jumba hilo bado huvutwa kwa kamba, na kamba imo mikononi mwa Mama Pazia, mke wa fundi viatu, tangu mikono hiyo ilipokuwa laini.

Alikuwa na ila moja. Vichekesho vyote alivijua kwa moyo, basi akawa anacheka kabla mwigizaji hajafika kwenye utani wenyewe. Kuna watu furaha yao haijui kungoja zamu.

Mwongozaji mpya, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, hakupendezwa. "Mama, nakuheshimu sana, lakini unatuharibia kazi. Ukicheka tena Jumamosi, kamba nampa mtu mwingine."

Usiku ule Mama Pazia hakula. Mumewe akamtazama kwa huruma na uchokozi. "Utaweza wewe? Hata msibani kwa jirani ulicheka."

"Nilikohoa!"

"Ulikohoa huku umejishika mbavu."

Jumamosi alikunja leso, akaiuma. Ukumbi ulifurika wenyeji na wageni. Kibushuti, mchekeshaji wao mfupi, aliingia akiigiza bahili aliyemficha jogoo ndani ya koti ili asimpikie mgeni. Jogoo akawika. Kibushuti akaapa kwamba ni tumbo lake.

Kimya. Akajaribu utani wa pili, kimya kikazidi. Akasogea pembeni, jasho likimtiririka, akanong'ona, "Mama, unaumwa?"

Mama Pazia akatikisa kichwa. Mashavu yamevimba, macho yamejaa machozi.

Upande wa pili wa jukwaa, mwongozaji alikuwa amejishika kichwa. Ndipo alipoelewa. Wenyeji wale walikuwa wamezoea kufunguliwa mlango wa kicheko. Kuwa wa kwanza kucheka waliona haya. Akamtazama mama yule, akaonyesha kwa vidole: itoe hiyo leso.

Leso ikaruka. Kicheko kikatoka chote kwa mpigo, kikapanda hadi kwenye dari, na ukumbi ukakiitikia ilhali Kibushuti alikuwa hajatamka neno lingine. Alipolitamka, babu mmoja wa mstari wa mbele aliteleza kitini, na wajukuu waliokwenda kumwinua wakakaa chini naye.

Igizo lilipokwisha, Mama Pazia hakuwa na nguvu za kuvuta. Mwongozaji akazunguka nyuma mbio, akaishika kamba pamoja naye. Mabega ya binti yule yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Jumamosi ijayo, mama..."

"Nije na leso?"

"Thubutu! Nikiiona tu, naichoma moto. Haya, tufunge pazia, wageni basi linawangoja."

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Mama Pazia, akifuta macho kwa kiganja. "Bado wanacheka."