Uso wa Bi Harusi Asiyecheka

Kwetu Warundi bi harusi hacheki. Siku hiyo anaaga kwao, kwa hiyo anakaa kimya, macho chini, hata kama moyoni anashangilia. Nalijua hilo tangu utoto wangu katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na bado lilinitoka kichwani nilipokaa mbele ya kompyuta.

Ilikuwa 2015, Louisville, Marekani. Siku za kazi nilifunga maboksi kwenye ghala kule Jeffersontown. Jumamosi nilipiga video za harusi za watu wetu kwa kamera yangu moja, nikajiita fundi. Nakiri, kichwa kilikuwa kimevimba. Harusi ile ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, Beechmont. Mama wa bwana harusi alikuja na basi kutoka Buffalo, akacheza kutoka mlangoni hadi mbele na kapu la zawadi za mkwewe kichwani.

Nilipohariri niliona anacheza mno. Nikabakiza sekunde chache, kisha nikabandika uso wa bi harusi kwa karibu, niliouchukua wakati mshereheshaji anatangaza utaratibu wa chakula. Uso wenyewe haukusema kitu. Lakini uweke baada ya mama anayecheza, unasema: huyu mama ananitia aibu. Mimi sikuliona hilo. Mama, alipopelekewa video huko Buffalo, aliliona mara moja.

Miezi ikapita. Siku moja bi harusi akanipigia kutoka Columbus, alikohamia na mumewe. Alikuwa karibu kujifungua, mama yake mzazi alibaki kambini, na mama mkwe alikuwa amesema haendi kudharauliwa mara ya pili.

"Kaka, huku sina mama mwingine," aliniambia.

Kwanza nilikasirika. Kazi yangu ikosolewe! Nikamjibu kwamba kila nilichoweka kilitokea kweli. Halafu nikaitazama tena ile video peke yangu, na aibu ikanishika hadi masikioni. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Buffalo na kompyuta mapajani.

Mama alinipokea kwa ugali na maharage, na hakugusia video mpaka nilipomaliza kula. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha uso ule ule nikiubandika baada ya mtoto aliyeanguka ukumbini: ukawa wa huruma. Baada ya sinia la wali: ukawa wa njaa, na mama akacheka bila kupenda. Baada yake yeye akicheza: dharau tupu. Alielewa, lakini hakuridhika.

"Basi mimi nilipokuwa nacheza, bi harusi mwenyewe alikuwaje?"

Nilikuwa bado na kile kipande kizima cha yeye akicheza, kama kilivyokuwa kabla sijakikata. Nikakifungua. Mama anacheza, bi harusi amekaa nyuma yake, uso ni ule ule, hausemi kitu. Nimesafiri njia yote hiyo kumwonyesha mama wa watu uso mkavu mwingine!

Mama akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, chini, kwenye pindo la gauni.

"Tazama kiatu."

Ncha ya kiatu cheupe ilikuwa inapiga sakafu. Mama akienda, kiatu kinakwenda. Mama akisimama kuweka kapu sawa, kiatu kinamsubiri. Hivyo toka mlangoni hadi mwisho. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na sikuwahi kukiona.

Mama alilia, akajifuta kwa kitenge. Angeweza kunisema, na ningestahili. Badala yake alisema, "Hapo usikate tena, mwanangu," na akauliza basi la Columbus linaondoka saa ngapi. Namshukuru hadi leo, na kila harusi niliyopiga baada ya hapo nimeanza na miguu.

Kesho yake tulisafiri pamoja, yeye na begi la nguo za mtoto. Mlango wa nyumba yao ulipofunguliwa, bi harusi alimwona mkwewe, akacheka kwa sauti, meno yote nje. Kamera nilikuwa nimeiacha Louisville.