Robo ya Sahro

Nyumba ya Sahro ilitiwa sokoni yeye mwenyewe akiwa ndani, amekaa eda. Mumewe, Nunow, alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, mirathi ilikuwa wazi: robo ya mjane, na iliyobaki ya ndugu za marehemu, ambao mkubwa wao alikuwa Abdiwali.

Na haikuwa nyumba ya kukosa wateja. Ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la mawe la tangu enzi za mkoloni, katika ule mtaa wa Garissa ulio karibu na mto, ambao kila aliyepata pesa siku hizi anautolea macho. Kuta zake nene, dari iko juu, sakafu ya saruji nyekundu, milango ya mvule, na roshani pana inayotazama miarobaini. Yale majengo mapya ya vioo yanayochipuka mjini huoka watu kama mikate. Kwa Sahro, hata katikati ya kiangazi, mgeni alikaa saa nzima bila kutafuta kitu cha kujipepea.

Aliingia humo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, ametoka Bute, hajapanda ngazi hata siku moja maishani. Nunow, karani wa ofisi ya mifugo, alimshika mkono kidato kwa kidato huku akijizuia kucheka. Kwa miaka thelathini na sita Sahro aliisugua sakafu ile kwa nta na kuipaka milango mafuta. Hakupata mtoto wa kulea, akailea nyumba. Waliomsema kwa hilo ndio hao hao waliokuja kunywa chai yake na kusifia ubaridi wa sebule.

Alichokitaka sasa hakikuwa kikubwa. Hakutaka kumzuilia mtu haki yake. Alitaka robo yake aipate hapo hapo: chumba cha nyuma, alimolala na Nunow miaka yote na ambamo Nunow alikata roho akimshika kidole. Vingine wauze watakavyo. Alilipanga neno hilo usiku na mchana, akalipunguza mpaka likawa sentensi moja: "Robo yangu nipeni chumba cha nyuma."

Kikwazo kilikuwa eda. Marehemu mama yake alimfunza kwamba mjane aliyevaa nyeupe haruhusu sauti yake isikiwe na wanaume wa kando, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mama mwenyewe aliishika hivyo, akasifiwa Bute nzima. Sahro hakuona sababu ya kuuliza mtu mwingine.

Basi alijifungia chumba cha nyuma, pazia limeteremshwa, akawa anasikiliza nyumba yake ikinadiwa. Dalali, Kerrow, alileta watu karibu kila siku, na wale wasiojua Kisomali aliwaeleza kwa Kiswahili. "Ona hii ukuta," alikuwa akisema, akiupiga kofi. "Jua haiwezi ingia. Watu ya kujenga hivi walikufa wote." Sahro alilia kimya kimya, nguo nyeupe mdomoni. Kerrow hakuwa mtu mbaya, ila madalali wana namna ya kusahau kwamba ukuta una upande wa pili.

Alhamisi moja baada ya alasiri, Abdiwali alikuja na Kerrow, wazee wawili, na mnunuzi aitwaye Salah, mtu wa Kutulo mwenye malori ya maji huko Dadaab. Waliongea sebuleni wakakubaliana. Lakini Abdiwali ni mwadilifu, na hakutaka kutoa mkono kabla ya kumuuliza shemeji yake. Akaja akasimama karibu na pazia.

"Abaayo, dada yangu Sahro," alisema, "Salah anaitaka nyumba yote, na sisi ndugu tumeridhia. Wewe una haki yako ndani. Una neno?"

Sahro alikuwa nalo. Aliinuka, akafika kwenye pazia, na chini yake akaona ndara za wanaume zaidi ya mmoja. Alijiambia kwamba Abdiwali anajua mila, ataelewa, atarudi peke yake au atamtuma mwanamke. Abdiwali akauliza mara ya pili, akangoja. Ndipo mzee mmoja akasema kwa upole kwamba kimya cha mwanamke mwenye haya ni ridhaa. Mzee wa watu alisahau kwamba hukumu hiyo ni ya mwanamwali, si ya mjane. Abdiwali akashusha pumzi, mikono ikapeanwa, Fatiha ikasomwa. Sahro alisikia "amin" akiwa amesimama pale pale.

Siku tisa baadaye alikuja Ruqiya, mwalimu wa madrasa ya wanawake, kumjulia hali. Sahro akamsimulia yote. Ruqiya akasema, "Sahro, ulikatazwa kujipamba na kutoka bila dharura. Kusema haki yako nani alikukataza?"

"Mama," alijibu Sahro.

Ruqiya alimwambia kesi yake bado ina nguvu. Amtume mtu kwa kadhi, atasikilizwa. Sahro badala yake alimwita Abdiwali. Safari hii shemeji alikaa sebuleni peke yake, naye akazungumza kupitia pazia, sauti ikimkwaruza kwa kukosa mazoea. Akalisema neno lake lote.

Abdiwali alipojibu, ilikuwa wazi kwamba analia.

"Ungelisema siku ile, abaayo, ningemwambia Salah achukue vyumba vingine au aende zake. Hata sisi tulishangaa hukutaka kubaki."

Kwenda kwa kadhi kungekuwa kumsimamisha Abdiwali mbele ya mji kama mtu aliyemdhulumu mjane wa nduguye, na hakumdhulumu. Sahro alimwambia basi, yaishe. Huruma yake kwa shemeji ilikuwa ya kweli, na uchungu wake ulikuwa wa kweli vile vile.

Salah alimwacha amalize eda bila kumsukuma. Siku iliyofuata Sahro alipanda gari la Wajir, na kesho yake akafika Bute, kwa mtoto wa kaka yake.

Huko wanamshangaa. Binti waliyemkumbuka mpole sasa ni mwanamke asiyeacha swali la mtu lipite: awe muuza mbuzi, awe chifu, awe mgeni wa njiani, Sahro hujibu papo hapo, kwa sauti. Vijana humtania kwamba Garissa ilimfundisha kusema. Yeye hukubali kwa kichwa, huwaambia kweli, ilimfundisha, kisha huingia ndani akalie peke yake.