Macho ya Shemeji

Mwaka wangu wa pili chuoni nilijua kila kitu. Nilikuwa nasomea saikolojia, na nyumbani Kariobangi hakuna aliyesalimika. Mama nilimwambia anatumia upande mmoja tu wa ubongo. Kaka yangu nikamwambia ukaidi wake unatokana na kuzaliwa wa kwanza. Walinicheka, nami nikaona ni ujinga wao.

Ndipo saa ya baba ikapotea, ile aliyopewa alipostaafu kazi ya reli. Jioni moja akatukusanya sebuleni akatuuliza mmoja mmoja. Zamu ya shemeji yangu, mke wa kaka, ilipofika, alijibu akiangalia zulia.

"Sijaiona, baba."

Nami, bila kuulizwa, nikasema, "Anadanganya. Msema kweli anakuangalia machoni. Tumesoma."

Hatukuwa tumesoma popote. Tuliambiana tu bwenini kwa wenzangu, video za simu zikakoleza.

Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya, mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe. Hata chai humwekea mezani, hampi mkononi. Nimeliona hilo tangu utotoni, na siku ile halikunijia hata kidogo.

"Wewe na hiyo course yako mtatumaliza," kaka akasema. Asubuhi shemeji alifunga nguo zake akaenda kwa shangazi yake, mtaa wa Fedha, na kaka akaacha kunisalimia.

Wiki iliyofuata mhadhiri wetu alitusomea sentensi kadhaa, tunyooshe mikono kwa zile tunazoamini. Alipofikia ile ya macho na uongo, karibu darasa zima lilinyoosha. Mimi nilitangulia.

"Kila mwaka ni hivi hivi," akasema. "Si kweli. Kuna waongo wanaokukodolea macho, na wasema kweli wanaoangalia viatu."

Wenzangu walicheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sikurudi nyumbani siku hiyo, nilinyoosha moja kwa moja hadi Fedha. Saa ilikuja kupatikana baadaye, mfukoni mwa koti la baba la kanisani, lakini wakati huo bado ilikuwa haijaonekana. Nilimkuta shemeji jikoni akichambua sukuma wiki. Hakunikaribisha kiti.

"Nilikukosea," nikasema. "Nilisema kitu nisichokijua. Naomba urudi nyumbani."

Aliweka mboga chini. "Niangalie ukisema hivyo, shem."

Nilijaribu. Nilifika kwenye kidevu chake, macho yakarudi sakafuni. Nikajaribu tena, yakarudi tena.

"Basi unadanganya," akasema.

Nilikuwa nasema kweli tupu, na sikuwa na namna yoyote ya kumwonyesha. Aliokota mboga zake akaendelea kuchambua. Halafu akanisogezea fungu la sukuma.

"Chambua hizo. Tukimaliza utanibebea begi."