Hamira Iliyokataa Kunyamaza

Evarista wa Karatu alikuwa mtu wa mikate. Tangu mumewe afariki mwaka 1993, alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, akawauzia wapishi wa kambi za watalii. Mikate hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Sabina mpaka chuo kikuu Dar es Salaam. Na maajabu ya Mungu hayaishi, huko nako Sabina akaangukia kusomea hamira! Majirani walicheka mbavu ziwaume: eti mtoto amevuka nchi nzima kufuata kitu kilichomo jikoni kwa mama yake.

Julai 2004 Sabina alirudi likizo amekonda. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza huku mama akikanda unga. Ndani ya kila chembe ya hamira yake mlikuwa na jeni moja. Jeni hiyo ikinyamazishwa, hamira huota nyekundu. Ikiamka, huota nyeupe. Sabina alishuku kwamba protini fulani, ile inayoiokoa hamira inapobanwa na joto au njaa, ndiyo pia inayosaidia kuinyamazisha jeni hiyo. Basi kundi moja la hamira aliliondolea protini hiyo, la pili akaliacha nayo. La kwanza lilitakiwa liote jeupe, la pili jekundu.

"Yote yanatoka meupe, mama. Mara ya tisa sasa. Mwalimu amesema Septemba ikipita hivihivi, utafiti unafungwa, narudi nyumbani bila shahada."

Evarista hakujua jeni wala protini, lakini hamira aliijua. "Unaiamshaje?"

"Kama wewe tu. Maabara ina kiyoyozi, baridi kama ya hapa asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kuipanda naiweka juu ya oveni ipate moto kwanza, makundi yote mawili."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya unga. Julai ya Karatu, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Ngorongoro, hamira isiposogezwa karibu na mafiga haifurukuti. Sabina alilijua hilo tangu ana miaka sita. Mtoto wa pwani asingewaza hata siku moja kuipasha hamira moto!

"Mwanangu, unaiunguza. Hiyo protini yako ni kama mimi. Moto ukishika jikoni nikakimbilia kuuzima, nani atawanyamazisha watoto sebuleni?"

Sabina akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka. Roho ilimuuma. "Ni mimi niliyekufundisha hivyo."

"Na ni wewe uliyenifumbua macho."

Sabina akarudi chuoni kuipanda hamira upya, safari hii bila kuipasha moto. Wiki tatu Evarista hakulala vizuri, na mikate miwili iliungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ndipo jirani yake Josephati akaja mbio, simu mkononi, Sabina akiwa hewani.

"Mama! Kundi lenye protini limeota jekundu kama udongo wa Karatu! Lisilo nayo limebaki jeupe. Nimerudia mara tatu!"

Evarista aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa mvua, kwa ndama, hata kwa wateja wabishi. Leo alimshukuru kwa ukimya wa kitu asichowahi kukiona. Alikaa chini palepale mlangoni akilia, na Sabina upande wa pili akisema asante, asante mama, mpaka vocha ikaisha.