Nilivyochagua cooler ya PC ndogo niliyo-overclock, hadi kitambaa cha shangazi kikapata nafasi yake

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Leo naandika nikiwa najisikia sana. Nawaambia mapema ili anayekereka na majigambo ahamie uzi mwingine. Siongezi chumvi, na mashine yenyewe iko hapa mezani kwangu inapiga kazi wakati naandika.

Mimi nina ofisi ya video Kayanga, nyuma ya stendi. Harusi, send-off, kipaimara, napiga na ku-edit mwenyewe. Wateja wangu wengi wako Kyerwa, kwa hiyo PC yangu inasafiri ndani ya begi, begi liko mgongoni, na mimi niko juu ya bodaboda.

Ndiyo maana niliunga mini-ITX, kaboksi kadogo kama redio za mezani za zamani. Haina graphics card, kila kitu kinabebwa na CPU. Na CPU yenyewe nimei-overclock, yaani nimeilazimisha iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, kwa sababu watu wa huku siku hizi wanataka kuiona harusi kabla pilau halijaisha.

Sasa hii ninayowasimulia haikuwa harusi ya mteja. Ilikuwa ya mdogo wangu, Kemi.

Kemi kalelewa na bibi yetu mzaa baba, pale Kamuli, katikati ya migomba na kahawa. Bibi alivunjika nyonga, hapandi gari wala pikipiki. Ndoa ilikuwa inafungwa kanisani Nkwenda, kwa hiyo yeye angebaki nyumbani. Mpango ulikuwa msafara ukitoka kanisani upitie Kamuli kuaga, watu wale, kisha Kemi aondoke na wakwe kwenda kwao.

Bibi aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nataka nimwone akiapa. Nimwone kabla hajatoka mlangoni kwangu, siyo akishakuwa wa watu."

Nikamjibu, "Utamwona bibi, kwenye TV, siku hiyo hiyo."

Najua kuna mtu hapa atauliza kwa nini nisimwonyeshe kwenye simu. Mkuu, bibi haoni hata sura yangu nikisimama mlangoni, ananijua kwa sauti. Anahitaji TV kubwa, na kiti chake kisogezwe karibu. Na mambo ya live usiniambie, network ya pale ukifika utaielewa mwenyewe.

Basi nikawa na kazi moja. Msafara ukiwa unakuja polepole na matarumbeta yake, mimi nitangulie na boda, niunganishe picha za kamera zote, ni-export, yaani mashine ipike video moja iliyokamilika, niwashe TV. Nikichelewa, Kemi anaondoka na bibi anabaki na ahadi.

Turudi kwenye cooler, kile kipoza joto kinachokaa juu ya CPU.

Ile iliyokuja na CPU ilikuwa inafika nyuzi 95, mashine inajipunguzia kasi yenyewe huku feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaanza kutafuta.

Wengi humu mlinishauri tower cooler, ile ndefu inayosimama kama mnara. Nawapenda ila boksi langu halifungi na tower ndani. Mmoja akaniambia nikate mfuniko itokeze juu. Ndugu yangu, hilo boksi linapita kwenye vumbi la Nkwenda, nikate mfuniko niwe nafuga udongo?

Wengine mkasema liquid, zile za kupoza kwa maji yanayosukumwa na pump. Hapa nilitaka kuingia, maana zinapendeza. Kisha nikajiuliza swali moja tu: pump ikifa nikiwa Kamuli, nafanyaje? Feni ikifa nitafunga nyingine hata ya kuokoteza kwenye PC mbovu. Pump ikifa, nitakaa niiangalie. Liquid nikaiacha hapo.

Nikachukua low profile, ile bapa yenye feni pana juu. Nilipima nafasi kwa rula kabla ya kuagiza, nikahakikisha haigusi RAM. Ilipofika ikaingia kama imezaliwa mle. Matundu ya mfuniko yakawa juu ya feni moja kwa moja, inavuta hewa ya nje.

Nikaijaribu ofisini. Nyuzi 78 ikiwa full load, imebebeshwa kazi yote. Nikatamba kwa kila aliyeingia mle ndani, hata waliokuja kutoa photocopy.

Wiki ya harusi nikaenda nyumbani Kamuli na mashine. Nikaweka mezani sebuleni karibu na TV, nikaanzisha export ya majaribio, nikatoka kusaidia kufunga turubai.

Narudi, kazi haijafika hata nusu. Joto 96. CPU imejipunguzia kasi, hoi kabisa.

Nikasema thermal paste, ile dawa ya kupitisha joto kutoka CPU kwenda kwenye cooler, imekauka. Nikafungua, nikafuta, nikapaka upya. Nikajaribu nikiwa nimekaa pale pale, 78. Nikafurahi, nikaanzisha tena nikaenda kula ndizi jikoni. Narudi, 96.

Nikasema ni umeme wa Kamuli. Nikasema ni BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Nikapunguza voltage kidogo bila kugusa kasi. Nikikaa nayo iko sawa, nikitoka inachemka. Wakuu, nilifikia hatua ya kuhisi mashine ina husuda na harusi ya mdogo wangu.

Sasa wale mliokulia nyumba za huku kwetu nadhani mmeshaelewa.

Kwetu kila kitu kina kitambaa cha kufuma. Redio ina kitambaa, TV ina kitambaa, makochi yana vitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Anayefuma ni shangazi yangu, dada yake baba, na hapo sebuleni ndiye mwenye mamlaka. Kila nilipotoka, yeye aliingia akaifunika mashine yangu. Kitambaa kizito, kimefumwa kwa uzi mara mbili, kimekaa juu ya matundu ya feni bila kuacha upenyo.

Na kinachonichekesha hadi leo ni hiki. Nilikuwa nakiona! Kila nikirudi nilikitoa kwanza, nakikunja vizuri, nakiweka kwenye kochi, ndipo nafungua mashine kutafuta ugonjwa. Nimezaliwa navyo hivyo vitambaa, macho yangu hayavihesabu tena.

Nilipogundua nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikamfuata shangazi uani alikokuwa anachambua mchele.

"Shangazi, ile mashine inapumulia juu. Ukiifunika inakosa hewa."

Akaendelea kuchambua. "Baba, wakwe wanakuja hapa kesho kutwa. Kila kitu sebuleni kimevaa, chako ndicho kikae uchi?"

"Ni kwa muda mfupi tu shangazi."

"Hicho kitambaa nimekifuma kwa ajili yako. Nilisikia unaleta mashine uliyoitengeneza kwa mikono yako. Kama hukitaki sema."

 Ningeweza kubishana, na nadhani wengi wenu mngebishana. Ila niliona aibu kumwambia mtu aliyeniheshimu hivyo kwamba heshima yake inaziba feni. Nikasema moyoni, cooler ni yangu, basi tatizo ni langu.

Nikageuza boksi zima juu chini.

Yaani matundu ya feni yakaangalia meza. Nikaenda Nkwenda kwa fundi viatu, akanikatia miguu minne mirefu ya raba ya tairi, nikaigundisha ili boksi lisimame juu na hewa iingie kwa chini. Kati ya feni na matundu nikazungushia sponji niliyoikata kwenye godoro la zamani, ili feni ivute hewa ya nje tu, isirudie ile ya moto. Joto likawa linatokea nyuma, kwenye feni ndogo. Juu pakabaki bati tupu lisilo na kazi yoyote.

Nikakitandika kitambaa juu kwa mkono wangu. Nikaanzisha export nikatoka kabisa, nikazunguka hadi kwenye kahawa.

Narudi, 77. Kazi imeisha. Na kitambaa kiko juu, kimetulia.

Siku ya harusi nilitangulia kama tulivyopanga. Nimefika Kamuli nina vumbi hadi kwenye kope. Shangazi alikuwa amebadilisha kitambaa, kaweka cheupe kipya chenye maua pembeni. Sikukigusa. Niliunganisha picha, nikabonyeza export, nikaenda kumshika bibi mkono hadi kwenye kiti chake.

Matarumbeta yalianza kusikika bondeni wakati kazi inamalizika. Msafara unaingia uani, mimi nawasha TV.

Kemi aliingia na shela lake akapiga magoti pembeni ya bibi, wakaangalia pamoja. Kwenye TV Kemi anaapa, na Kemi mwenyewe yuko hapo chini anafuta machozi. Bibi alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Kiapo kilipoisha akamwekea mkono kichwani, akasema, "Sasa nimekuona. Nenda mwanangu."

Nililia, sifichi. Na wanaume wengine mle ndani walilia ingawa walisingizia vumbi.

Baba mkwe wa Kemi, mzee mmoja mpole, akauliza picha inatokea wapi, maana haoni mashine. Mimi nafungua mdomo, shangazi akaniwahi. Akanyanyua kitambaa kwa vidole viwili, akamwonyesha boksi.

"Hiyo hapo. Kaitengeneza mwenyewe huyu. Na anajua kuivalisha."

Kisha akakirudisha, akakinyoosha pembe zote.

Nimepata sifa nyingi kwa kazi zangu wakuu, lakini ile nimeiweka peke yake.

Nilichojifunza ni kwamba tunasoma review za watu wenye vyumba vyenye AC na meza tupu, tunaagiza. Kumbe kabla ya kuuliza cooler ipi inapoza zaidi, jiulize mashine itakaa nyumba ya nani, na wenye nyumba wanaishije. Halafu chagua cooler inayoweza kuishi nao.

Mashine sasa imerudi ofisini Kayanga na kitambaa chake cheupe. Wateja wanacheka, wanasema PC gani inavaa kama kochi. Nawaambia waguse nyuma wasikie hewa inavyotoka, kisha wakae kwenye foleni.

Haya, wa liquid njooni na joto lenu tulinganishe. Na wewe ambaye mashine yako inachemka ukiwa haupo chumbani, kabla hujaandika swali hapa, nenda kamsalimie mama kwanza.