Gogo Anashikilia Ukuta

Dada yangu amebomoa mtaa wetu mara nyingi kuliko mvua, na bado analala usingizi mnono. Watoto wa jirani wanamwita Mama Bomoabomoa, ingawa hajawahi kuzaa wala kushika nyundo. Ni mchoraji wa katuni. Kila wiki jarida la watoto hutoa hadithi yake ya Chipukizi, kikosi cha vijana watano wenye nguvu za ajabu wanaoulinda mji dhidi ya majitu yanayotoka chini ya ardhi. Mimi ni mdogo wake wa kiume. Mwandiko wake ni kama kuku kaparura, kwa hiyo maneno ya kwenye viputo nayaandika mimi. Na kupika napika mimi pia.

Alianza kuchora shuleni, kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Akachapwa, akaendelea. Baadaye alichora picha za mabango ya maduka miaka mingi hadi jarida lilipomkubali. Sasa anafanya kazi kwenye meza iliyo dirishani, ghorofa ya kwanza, na anachora anachokiona: duka la viatu, nguzo ya umeme iliyoinama, na duka la mikate lililo chini yetu. Sijaona mtu mwingine anayekwenda kazini kwa kuvuka chumba kimoja na bado anachelewa.

Wiki moja Gogo, yule kijana mwenye nguvu kuliko wenzake wote, alirusha jitu likaangukia duka la mikate. Dada alilichora duka lenyewe, na mwokaji mwenyewe nje na aproni yake, mdomo wazi. Nilijua tumekwisha. Kumbe mwokaji alifurahi kupita kiasi. Aliubandika ukurasa ule juu ya kaunta, akawa anamwonyesha kila mteja: "Mmeona? Nimevunjiwa!"

Wiki iliyofuata alinuna. Nilipokwenda kununua mkate alinipa bila hata salamu. Ikabidi dada ashuke mwenyewe.

"Kaka, tumekukosea nini?"

Mwokaji akafungua jarida jipya. Chipukizi walikuwa wanapita mtaani, na nyuma yao duka la mikate limesimama zima, hata kioo hakina ufa.

"Nani alilijenga?" akauliza.

Dada akacheka. "Ah, katuni ndivyo zilivyo, kaka. Kikibomoka leo, wiki ijayo kipo. Wachoraji wote tunafanya hivyo, la sivyo mji ungeisha."

"Tanuri langu liliwahi kuanguka kweli, kabla nyie hamjahamia hapa. Mimi na marehemu mke wangu tulilijenga upya kwa mikono yetu, tofali kwa tofali, huku tunauza chai ili tule. Wewe duka zima umelisimamisha bila mtu hata mmoja kutoka jasho. Hiyo kazi umeipeleka wapi?"

Dada alipanda ngazi. Alipofika mezani akasema, "Amenikamata," na akachukua penseli.

Aliamua Chipukizi wajenge. Alipotuma rasimu, mhariri wa jarida akapiga simu, na sauti yake niliisikia nikiwa jikoni. "Mama, watoto wanataka ngumi, siyo saruji! Ukiniletea vijana wanaokoroga saruji, ukurasa wako nampa mtu mwingine." Hakuwa anatania. Mwaka uliopita alimwondoa mchoraji mmoja wa paka bila hata kumwambia kwaheri. Njaa sikuiogopa, pensheni yangu ipo. Nilichoogopa ni kumwona dada amekaa pale dirishani na meza tupu mbele yake.

"Mwombe radhi mwokaji, yaishe," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimemwaga wino. "Radhi yenyewe si ndiyo hii naichora?"

Akachora wiki nzima. Gogo anajifunza kujenga, na tofali zake zinakwenda upogo, maana tangu azaliwe mikono yake imezoea kuvunja tu. Anabomoa, anaanza upya. Mwishowe ukuta unapanda, lakini saruji bado mbichi na ukuta unataka kulala, kwa hiyo anaukinga kwa mgongo. Hapo ndipo jitu linapotokea mwisho wa mtaa. Wenzake wanamwita: "Gogo, njoo!" Akienda, ukuta unaanguka. Akibaki, wenzake wanapigana pungufu. Gogo habanduki. Vita tunavisikia tu, "Puu! Gwaa!", kutoka nje ya picha, huku tunautazama uso wa kijana anayeshikilia ukuta. Nilipokuwa naandika jibu lake, "Naja ukikauka," niliunguza maharage jikoni, na mimi si mtu wa kuunguza chakula.

Mhariri alipiga tena. Akalalamika kwamba vita havionekani. Akalalamika kuhusu saruji. Kisha akauliza, sauti chini kidogo, kama ukuta unasimama.

"Si umalize kusoma," dada akamjibu, akakata simu. Hadithi ikachapishwa.

Siku jarida lilipotoka tulishuka nalo wote wawili. Mwokaji alipangusa unga mikononi, akasoma amesimama, wateja wakimsubiri. Alipofika kwenye picha ya mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya gauni, anampa Gogo tofali, akasita.

"Huyu ni mke wangu?"

"Ndiye," dada akasema. "Ila sikumjua, kaka. Nimebahatisha."

Mwokaji akamtazama tena. "Alikuwa mnene kidogo."

Dada akachomoa kalamu sikioni, akainama juu ya kaunta, akamnenepesha mabega, kisha kiuno, mwokaji akielekeza kwa kidole chenye unga: "Na hapa. Na hapa pia."

Dada alipoinua kalamu, mwokaji aliusogeza ukurasa karibu na uso, machozi yanamtoka, na akacheka.

"Hapo," akasema. "Sasa yuko kazini."