Siku Niliyotoa Maoni Chini ya Meza Kuu

Nikipita stendi ya Mugumu mpaka leo kuna bodaboda wenzangu wananiita Mheshimiwa wa Chini ya Meza, na mimi nawapungia mkono tu naendelea na safari, maana nitabisha nini na wao walikuwepo? Aibu ya siku ile siwezi kuikimbia hata nikihamia Mwanza, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko msimuliwe na hao wanaoongeza chumvi (wapo wanaosema nilizimia, huo ni uongo, nilikuwa na akili zangu zote na ndiyo maana iliuma).

Mimi ni mtu wa Machochwe, kule kwetu pembeni ya hifadhi. Kipindi hicho tukasikia kamati ya wabunge inakuja Mugumu kukusanya maoni ya wananchi kuhusu sera ya watoto na familia, na kikundi chetu cha wazazi kilikuwa na ombi moja tu: iandikwe kwenye sera kwamba sehemu kama zetu, ambako mvua ikinyesha mto unafunga barabara, kuwe na nyumba karibu na hospitali ambapo mjamzito anakaa wiki zake za mwisho akisubiri kujifungua. Aliyekuwa anatuongoza ni Mwalimu Ester, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba aliyekaa kwetu miaka mingi, na yeye akatuambia wabunge wameshachoshwa na risala, tuwape mtu mmoja aliyepitia tatizo lenyewe, aseme kwa maneno yake. Wote wakanigeukia mimi.

Walinigeukia kwa sababu walijua kwamba Bhoke, mke wangu, alimzaa mtoto wetu wa kwanza njiani, upande huu wa mto uliofurika, tukiwa wawili tu na pikipiki. Walijua hilo tu, mengine sikuwahi kumwambia mtu. Na sasa Bhoke alikuwa mjamzito tena, na kwa hesabu za nesi mtoto angekuja masika yenyewe, mto ukiwa umejaa vilevile. Kwa hiyo nyie chekeni, lakini mjue sikwenda pale kutafuta sifa, nilikwenda kumwombea mke wangu, na nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata yeye.

Basi nikafika ukumbini mapema, shati limepigwa pasi, maneno yamekaa kichwani sawasawa, nikachungulia dirishani nione watu ni wengi kiasi gani, na hapohapo nikarudi nyuma hatua mbili. Mstari wa mbele kabisa, hatua chache kutoka pale pa kusimama msemaji, amekaa mama mkwe wangu. Mama yake Bhoke, wa Kisaka! Kumbe akina mama wa Kisaka nao walikuwa wamechagua mwakilishi, na walimchagua yeye, na hakuna aliyeniambia.

Sasa kwa wale ambao si wa huku niwaeleze. Kwetu Wakurya mama mkwe unamheshimu kwa kukaa naye mbali. Ukimwona anakuja njiani unaingia vichakani mpaka apite, humpi mkono, humtaji jina, huli mbele yake (siku hizi kuna vijana wa mjini wanapiga nao picha wamekumbatiana, mimi nikiona hivyo nafumba macho). Na maneno ya uzazi mbele yake, tena uzazi wa binti yake, hayo hata kuyawaza ni kosa. Na mimi nilichokuja kusema chote, mwanzo mpaka mwisho, kilikuwa uzazi wa binti yake.

Hapo mtu mwenye busara angemtafuta Mwalimu Ester amweleze, apangwe msemaji mwingine, yaishe. Lakini nikaona huyu mama wa Bukoba atanipa somo la mila zilizopitwa na wakati, na tena dakika zetu zilikuwa chache, nikishindwa mimi kata nzima inarudi mikono mitupu. Basi nikafanya uamuzi mdogo tu, ambao kwa wakati ule niliuona ni wa akili sana. Nikarudi kwenye pikipiki nikachukua helmeti yangu, ile ya kufunika uso wote yenye kioo cheusi, nikaivaa, nikashusha kioo, nikaingia ukumbini nikakaa nyuma.

Jamani, hebu fikirieni ukumbi una wabunge, una mkuu wa wilaya, una askari, halafu kuna mtu mmoja kakaa kimya ndani ya helmeti. Watu wakaanza kunikwepa, viti vya jirani vikabaki vitupu. Askari mmoja akaja akaniuliza kulikoni, nikamwambia naumwa jino, upepo unanisumbua. Nadhani hakuniamini, maana alisimama karibu yangu. Joto la humo ndani sasa, na mimi napumua kwa woga, kioo kikaanza kufanya ukungu.

Likaitwa jina langu. Nikasimama, sioni mbele wala pembeni, naenda kwa kufuata sauti ya mama mwenyekiti wa kamati aliyekuwa ananikaribisha kwa upole, na askari yuko mgongoni kwangu hatua kwa hatua. Nikasema moyoni, nikifika nitageukia ukutani, nitasema haraka, nitatoka. Sikufika. Mguu ulinasa kwenye waya wa spika, nikaenda chini mzimamzima, helmeti ikachomoka ikabingirika huko, na kichwa changu kikatua kwenye magoti ya mtu. Nikainua macho na kuona uso wa mama mkwe wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na mlango ulikuwa mbali, ila mbele yangu palikuwa na meza kuu yenye kitambaa kirefu mpaka chini, basi nikatambaa nikaingia humo. Nikajikuta katikati ya viatu vya waheshimiwa, wanavirusha huku na huku, mmoja akapiga kelele kwamba kuna mtu ana silaha, askari akanishika mguu anavuta, na mimi nimekumbatia mguu wa meza, chupa za maji zinaanguka huko juu ya meza moja baada ya nyingine. Nilisikia sauti ya Mwalimu Ester kwa mbali ikisema, "Mungu wangu, huyo ni wa kwetu."

Mama mwenyekiti (Mungu ambariki yule mama popote alipo) ndiye aliyetuliza watu. Akamwambia askari aniachie, akainamisha kichwa, akaniuliza taratibu kama bado nataka kutoa maoni yangu. Nikamwambia nataka, lakini kutoka hapa siwezi. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake mkono wenye bangili ukateremka chini ya kitambaa ukanipa maikrofoni.

Basi nikaanza. Naitwa Mwita, natoka Machochwe. Sauti yangu ikawa inatoka kwenye spika na mwenyewe sionekani, ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikaendelea hivyohivyo, nikaeleza mto, nikaeleza barabara, nikafika kwenye siku ile, tumesimama ukingoni na mke wangu ameshuka kwenye pikipiki, ameshikwa na... Nikakwama. Neno lililofuata lilikuwa mdomoni na halikutoka. Nikajaribu tena, halikutoka. Kicheko kilikwisha, na mimi pale chini machozi yananitoka kwa hasira, maana niliona nimemwangusha Bhoke kwa ujinga wangu mwenyewe.

Ndipo nikasikia kiti kinasogezwa mstari wa mbele.

"Waheshimiwa," mama mkwe wangu akasema, bila maikrofoni wala haraka. "Huyo aliye chini ya meza yenu ni mume wa binti yangu. Hajalewa. Ananiheshimu mimi, na hayo mengine mdomo wake hauwezi kuyasema mbele yangu. Nitayasema mimi."

Na akayasema yote. Akasema binti yake alishikwa na uchungu, mto ukawazuia, akajifungua pale kwenye majani. Akasema kwetu mwanaume hakai alipo mwanamke anayejifungua, lakini huyu alikaa, akampokea mtoto kwa mikono yake, akamfunga kwenye kizibao chake cha reflekta cha bodaboda, akamshika binti yake mpaka maji yalipopungua. Akasema huyu kijana hakumsimulia mtu, kwa sababu hakutaka binti yake achekwe. Sikujua kwamba anajua. Kumbe Bhoke alimwambia zamani sana.

"Tangu siku hiyo natafuta namna ya kumshukuru," akasema, "na kwa mila yetu siwezi kumsimamisha nikamwambia. Leo namshukuru kupitia kwenu. Sasa na nyinyi msinifanye nimshukuru mara ya pili kwa jambo kama hilo. Jengeni hiyo nyumba."

Akakaa. Mbele yangu niliona kiatu kimoja cha mheshimiwa kinatikisika, nikajua huko juu kuna mtu analia kama mimi.

Sera yenyewe inaendelea na safari zake huko Dodoma, tumeambiwa ombi letu limeingia kwenye rasimu, tunasubiri. Lakini halmashauri haikusubiri, walikarabati nyumba moja iliyokuwa imekaa bure karibu na hospitali, wakaweka vitanda na jiko, na masika yalipofika, mto umefurika kama kawaida yake, Bhoke wangu alikuwa upande wa pili amelala pakavu. Tukapata mtoto wa kiume. Mama mkwe ndiye aliyekaa naye kumwuguza, na mimi nilikuwa napeleka uji na samaki, naweka getini, napiga honi, nageukia kule mpaka nisikie ameshachukua.

Kwa kumwangukia magotini wazee walinitoza mbuzi, nikamtoa kwa moyo mmoja. Na nimeapa, sitasimama tena mbele ya watu kabla sijauliza nani amekaa mstari wa mbele, na helmeti nitaivaa barabarani tu.

Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua. Yeye alipata pa kunishukuru, mimi bado. Namwona kwa mbali kwenye harusi, kwenye misiba, naingia vichakani kama inavyotakiwa, na nikiwa humo nasema asante kimoyomoyo, hainisaidii. Basi kama kati yenu kuna mtu anakwenda Kisaka, amtafute yule mama, akae naye vizuri, amwambie mume wa Bhoke anasema asante sana. Jina langu asilitaje, atanijua.